Hakuna Aliyekuwa Chumba cha Nyuma

Juni 11, Jumamosi

Redio imetangaza kwamba majira ya mvua yameanza. Kana kwamba tulihitaji kuambiwa. Mashati ya mume wangu Yasuo yametundikwa ukumbini tangu Jumatano na bado yananuka kama mbwa aliyenyeshewa, na mikeka ya sebuleni imeanza kuota ukungu pembeni. Nimeamua kuandika hapa mpaka mvua iishe, angalau nijue siku moja ilitofautiana vipi na nyingine.

Leo zamu ya maua kanisani ilikuwa yangu na mwenzangu Hisae. Tulipotoka nikamkuta Mama, yaani mama mkwe wangu, amesimama nje ya lango la kanisa kuu, mwavuli wangu mkononi. Nimeolewa nyumba hii miaka kumi na miwili na sijawahi kumwona pale. Akienda sokoni hupita njia ya mtoni, ambayo ni ndefu zaidi, ili tu asipite mbele ya kanisa letu. Kwao ni Sotome, kwa wale ambao mababu zao waliificha imani ya Kikristo zaidi ya miaka mia mbili, na mapadri waliporuhusiwa kurudi, wao wakasema hatuwahitaji. Huwa ananichokoza: sisi tulibatizana wenyewe kwa wenyewe, padri wenu alikuwa wapi? Nimeshazoea.

Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema anaangalia mvua. Mvua ambayo nyumbani inaingia mpaka jikoni.

Juni 12

Mvua.

Juni 14

Amekwenda tena. Nimemwona kwa dirisha la duka la samaki. Amesimama langoni, kichwa amekiinamisha upande mmoja, kama mtu anayesikiliza maongezi ya nyumba ya pili.

Juni 18, Jumamosi

Na leo pia. Hisae naye alimwona, akanipiga kiwiko huku tukikata mashina ya maua. Anasema Mama anataka ubatizo ila anaona haya kusema. "Mikie, ukimwingiza mtu wa Sotome humu ndani, Padri atakuwekea kiti cha mbele." Nilimwambia aache upuuzi, lakini njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa najiona nimekaa kwenye hicho kiti cha mbele.

Juni 19

Nilimnunulia Mama keki ya maharage anayoipenda, nikamwandalia chai, nikaanza kuongea kwa mbali kuhusu jinsi kanisani kulivyo na ubaridi mzuri siku za joto. Akala keki yote ndipo akasema, "Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, mwanangu. Siendi pale kumtafuta padri wenu."

"Unakwenda kufanya nini, basi?"

"Kusikiliza viatu."

Nikadhani anatania. Akasema kuna mtoto anatembea mle ndani na viatu vya mbao. Anakwenda mbele, anarudi mlangoni, anasimama. Anakwenda tena. Alisema hivyo huku akiokota makombo ya keki kwa kidole, bila kunitazama. Siku hizi hakuna mtoto wa hapa Urakami anayevaa viatu vya mbao. Wote wanavaa raba.

Juni 20

Mvua. Mchele umeingia wadudu.

Juni 25, Jumamosi

Nilipiga deki kanisani baada ya maua. Kutoka mlango wa pembeni mpaka benchi la tatu, upande wa kushoto, kulikuwa na alama za maji. Vipande viwili viwili vilivyonyooka, vidogo, kama vile alama za meno ya kiatu cha mbao. Zilifika kwenye benchi na hazikurudi. Hisae akasema ni watoto wa katekisimu. Katekisimu ni Jumapili, lakini sikubishana naye. Nikazifuta upesi, nikasuuza kitambaa mara mbili.

Sijamwambia Mama. Sijamwambia mtu.

Julai 3, Jumapili

Leo nitaandika kirefu, kwa sababu leo ndiyo nimeelewa.

Mjomba Matsuji, kaka yake Mama, alipiga simu kutoka Sotome kusema hekalu la Kibudha limepanga tarehe. Julai 31 itafanywa kumbukumbu ya Kinue, dada yake Yasuo, aliyekufa kwa bomu la atomiki akiwa na miaka minane. Kwa hesabu ya hekalu huu ni mwaka wa thelathini na tatu, na hiyo ndiyo kumbukumbu ya mwisho. Baada ya hapo marehemu hatajwi tena kwa jina lake peke yake. Anaingia kwenye kundi la mababu, na walio hai wanamaliza kazi yao.

Mama alirudisha simu mahali pake, akakaa chini palepale ukumbini, chini ya mashati yaliyolowa. Nikakaa naye. Ndipo akanieleza jambo ambalo hata Yasuo halijui vizuri.

Zamani zile Ukristo ulipopigwa marufuku kila mtu alilazimika kuwa muumini wa hekalu, na hakuna maiti iliyozikwa bila mtawa wa Kibudha kuja kuisomea. Watu wa Sotome hawakuweza kumkataa mtawa. Kwa hiyo alipokuwa akisoma sebuleni, mmoja wao alikaa chumba cha nyuma na bakuli la maji, akinong'ona sala ya kufuta. Neno analolisoma mtawa mbele, yeye analifuta nyuma, mpaka mtawa anapomaliza maiti haina neno la kigeni hata moja juu yake, na roho inakwenda kwa watu wake. Marufuku yaliondolewa zaidi ya miaka mia iliyopita. Wao wanaendelea hivyohivyo. Mimi, mtoto wa Urakami, nilifundishwa kuwacheka kwa hilo, na niliwacheka.

Sala hiyo hawafundishwi wanawake. Aliijua baba yake Mama, ambaye ndiye aliyekuwa akibatiza pale kijijini, naye akamfundisha Matsuji.

Siku ya kumsomea Kinue, kilichokuwepo kilikuwa majivu kiasi cha kujaza kikombe, yaliyookotwa kwenye vifusi vya kanisa letu. Mama alikuwa sebuleni kwa baba yake, na Yasuo mgongoni. Matsuji alikuwa nje anawapokea watu, akidhani baba yao yuko chumba cha nyuma. Baba yao alikuwa amelala kibandani, anatapika, kwa kuwa alikwenda mjini kumtafuta mjukuu wake siku mbili kwenye lile jivu. Naye alidhani Matsuji yuko chumba cha nyuma. Mtawa akamaliza, akanywa chai, akaenda zake. Jioni ndipo wakaulizana.

"Hakuna aliyekuwa chumba cha nyuma," Mama akaniambia. "Bakuli la maji lilikuwa limekaa peke yake."

Baba yao alifariki wiki iliyofuata. Matsuji akasema kufuta baada ya mtawa kuondoka hakuwezekani, sala inakwenda pamoja na usomaji au haiendi kabisa. Na kila kumbukumbu iliyofuata Matsuji alikuwa baharini na meli za samaki. Kwa hiyo imebaki hii, ya mwisho. Isipofutwa hii, mtoto atabaki na maneno ya watu wengine shingoni milele, hataingia kwa mababu wala kwa yeyote. Hivi ndivyo anavyoamini. Ndiyo maana, anasema, mtoto anazunguka.

Niliwaza kusema jambo la hekima. Nilichosema ni kwamba nitachemsha maji ya chai.

Julai 5

Nilimuuliza Padri, kwa kuzungukazunguka, kama mtoto anaweza kuzuiliwa njiani. Akasema Mungu hawazuii watoto, akanipa picha ya Bikira Maria nimpelekee mgonjwa, maana alidhani ninaye nyumbani. Ni mtu mzuri. Lakini hapigi deki, napiga mimi.

Julai 6, 7, 8

Mvua. Ukuta wa bonde umeporomoka kule juu kwa akina Hisae. Hakuna aliyeumia.

Julai 9, Jumamosi

Alama zile zilikuwepo tena. Leo sikuzifuta. Nilichukua ndoo yangu nikapita kando.

Julai 10, Jumapili

Mjomba Matsuji amekuja kwa basi na samaki wakavu wamefungwa kwenye gazeti. Ana miaka sabini na mbili na anatembea kama anayemdai mtu. Kumbe kuna aliyemfikishia habari kwamba dada yake anasimama langoni mwa Wakatoliki. Lisemwalo lipo.

Hakugusa chai. Alimwambia Mama, mbele yangu, kwamba amekubali kusoma sala tarehe 31, ila kwa sharti. "Mtu mwenye mguu mmoja kwa padri, mimi simfutii mtoto wake. Apa. Apa kwa jina la baba kwamba hutakanyaga mle ndani mpaka unakufa."

Nilitaka kumtoa nje na samaki wake. Mama akaapa. Aliapa upesi, bila kubishana, na Mjomba akatulia, akanywa chai, akauliza kama ndani kuna kachumbari ya figili.

Yasuo aliporudi kutoka kazini nikamsimulia. Akasema mavi ya kale hayanuki, waachieni wazee mambo yao. Alikuwa na miaka miwili wakati ule. Sura ya dada yake haikumbuki, na hakuna picha. Nilimkasirikia, kisha nikamwona anakula samaki wa mjomba wake polepole, mfupa mmoja mmoja, hasira ikaniishia.

Julai 16, Jumamosi

Nimevisikia.

Hisae hakuja, ana mafua. Nilikuwa peke yangu, mchana kweupe, mvua inapiga madirisha ya rangi. Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya altare nikiokota majani. Ko, ko, ko, ko kutoka mlango wa pembeni, taratibu, mwendo wa mtoto aliyeambiwa asikimbie kanisani. Ukakoma. Benchi likalia, kama linavyolia mtu akikaa.

Sikuinuka kutazama. Niliomba Salamu Maria, nikakwama katikati, nikaanza upya, nikakwama palepale. Mwishowe nilitoka kwa mlango wa sakristia, na kikapu cha maua nimekiacha humo.

Julai 17, Jumapili

Nilimwambia Mama. Nilidhani atafurahi kwamba sasa tuko wawili. Alilia, na mimi sijawahi kumwona akilia, hata alipofiwa na mumewe. Akanieleza yaliyobaki.

Asubuhi ile ya Agosti alikuwa anakwenda Sotome na Yasuo mgongoni kutafuta viazi. Kinue alitaka kwenda. Mama akakataa, basi lilikuwa limejaa na njia ilikuwa ndefu. Akamwacha kwa jirani, mwanamke Mkatoliki, ambaye siku ile alikuwa anakwenda kuungama kanisani kujiandaa kwa sikukuu ya Bikira Maria. Mtoto alikuwa analia. Mama alikuwa na haraka.

"Nilimwambia, atakapokwenda mama huyu, nenda naye. Atakapokaa, kaa. Usiondoke hapo mpaka nije kukuchukua mwenyewe." Alinishika mkono. "Alikuwa mtoto msikivu, Mikie. Huyu mdogo wake ndiye mkaidi."

Kwa miaka kumi na miwili nimemwita mwanamke huyu mkaidi, kwa sauti na moyoni, kila alipozunguka njia ya mtoni. Hakuwa akilikwepa kanisa. Hakuweza kupita mlangoni mwa mahali anaposubiriwa.

Na sasa ameapa.

Julai 20

Jua. Redio inasema majira ya mvua yamekwisha. Nimeanika magodoro, mashati, mikeka, mpaka Yasuo akauliza kama tunahama. Nyenze wamepata wazimu kwenye miti. Nilisema nitaandika mpaka mvua iishe, lakini siwezi kuacha hapa.

Julai 23

Mama haendi tena langoni. Anakaa na kunyoosha kimono cheusi ambacho kimekwisha nyooka. Mimi nilikwenda kwa zamu yangu. Ko, ko, ko. Nikaendelea kukata mashina.

Julai 31, Jumapili

Tumerudi kutoka Sotome sasa hivi. Nikilala bila kuandika nitaanza kesho kujidanganya kuwa haikuwa hivi.

Nyumba ya Mjomba ina sebule inayotazama bahari, na nyuma yake chumba kidogo cha kuwekea viazi, mlango wa karatasi katikati. Asubuhi Mama mwenyewe alijaza bakuli maji, akamkabidhi kaka yake kwa mikono miwili. Mjomba akaingia, akafunga mlango. Tukaona kivuli chake kimekaa. Mara hii kulikuwa na mtu.

Mtawa ni yuleyule wa siku ile. Mzee Ryoen, miaka themanini na kitu, anashikwa mkono na mwanafunzi kupandishwa ngazi. Alikaa mbele ya altare ya nyumbani, akawasha ubani, akagonga kigogo cha mbao, akaanza kusoma kwa sauti nyembamba. Sisi watatu nyuma yake, Mama, Yasuo na mimi.

Kutoka chumba cha nyuma hakukutoka kitu. Nilisubiri mnong'ono. Niliona kivuli cha Mjomba kinainama, kinainuka, mkono unapapasa goti. Mama aligeuza shingo. Yasuo akanong'ona, "Mjomba ameanza?" Nikatikisa kichwa. Mzee wa watu alikuwa ameisahau. Sala ambayo haijaandikwa popote, ambayo hajaitamka miaka na miaka kwa sababu waliobaki kijijini siku hizi wanazikana kisasa tu, ilikuwa imemtoka.

Kigogo kikanyamaza. Mtawa aliacha kusoma katikati ya mstari, akakaa na fimbo mkononi.

"Huko nyuma kimya," alisema, bila kugeuka.

Watu wa Sotome wamemficha mtawa jambo hili tangu enzi za mababu wa mababu.

"Hata siku ile kulikuwa kimya," akasema. Ndipo akageuka, polepole, kwa msaada wa mwanafunzi wake, akamtazama Mama. "Mimi na baba yako hatukuwahi kulizungumza. Nilisoma, naye alifuta, miaka yote. Baba yangu na babu yako hivyohivyo. Siku ya mtoto nikasikia nyuma hakuna mtu. Nikajiuliza, nikisoma, nani atafuta? Nikaona nisiwadhulumu. Nikagonga kigogo na kuchezesha midomo. Sikusoma hata neno moja. Na kumbukumbu zote zilizofuata ni hivyohivyo. Leo nilianza kwa kuwa niliona kivuli."

Alisema kama mtu anayetoa zawadi aliyoitunza muda mrefu. Aliamini anamtua Mama mzigo.

Mama alimsujudia mpaka paji la uso likagusa mkeka. Alipoinuka sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Kwa hiyo mtoto hajafungwa na chochote."

"Na chochote, mama."

"Na hakuna aliyemsindikiza."

Nilimwona mzee yule akilielewa alilolitenda, pale pale, na ilikuwa vibaya kumtazama. Kinue hakusomewa na Wabudha, hakuombewa na watu wake, na padri aliyekuwa naye kanisani alikufa naye. Majivu yake yalikwenda kaburini bila neno la mtu. Hakuna kilichomzuia. Alikuwa anafanya alivyoambiwa.

Mlango wa karatasi ukafunguka. Mjomba alitoka kwa magoti, bakuli limemmwagikia mapajani, uso umelowa. Alisema ameisahau, akasema tena. Mama alimpangusa kwa leso yake, kama vile huyo kaka mkubwa ndiye mdogo. Ndipo Mjomba akamwambia dada yake, "Kiapo nakurudishia. Nenda kamchukue."

Agosti 2

Jua. Mama amekata nywele.

Agosti 6

Hisae anauliza kwa nini sipigi deki upande wa kushoto. Nilimwambia mgongo unaniuma.

Agosti 9, Jumanne

Yasuo aliniuliza asubuhi nani atapika leo. Nikamwambia wewe. Akatutazama tumevaa, mama yake na kimono cheusi, akaenda kuosha mchele.

Kanisa lilijaa, wengine walisimama mpaka ngazini. Mama alipofika kizingitini alisita, akavua viatu, mazoea ya nyumbani, nikaviokota. Hakuchovya maji ya baraka wala hakufanya ishara ya msalaba, na nilimshukuru kwa kutokujifanya. Alitembea na soksi zake nyeupe mpaka benchi la tatu, upande wa kushoto. Lilikuwa limejaa watu, lakini mwishoni kabisa palikuwa na nafasi ndogo ambayo hakuna aliyeijaza. Hakukaa. Alisimama karibu nayo.

Saa tano na dakika mbili, dakika ya bomu, king'ora kikalia mjini, na kengele juu yetu. Watu wote waliinamisha vichwa. Mama aliinama zaidi yao, kwa sababu alikuwa anaongea na mtu mfupi.

"Kinue. Mama amekuja. Nilichelewa." Kengele ilimfunika, nikaona midomo tu, kisha nikasikia tena: "Twende zetu."

Alitoka na mkono wa kulia umekaa mbali kidogo na mwili, kiganja wazi. Nilifuata na viatu vyake. Nilisikia mbao nyuma yetu, ko, ko, kwenye sakafu yote mpaka ngazini, halafu sikusikia tena, maana nje kulikuwa na nyenze na magari. Sikuogopa. Nilisikitika tu, kwa vile mwendo wake ulikuwa wa haraka sasa, wa mtoto anayeogopa kuachwa tena.

Tulipanda basi la Sotome. Lilikuwa na watu wengi, wageni wa siku hii na wanaorudi vijijini kwao kabla ya sikukuu. Mama aliingia kwenye kiti cha watu wawili, akakaa upande wa njia, akauacha wa dirishani. Mimi nilipata kiti ng'ambo yake. Kila kituo walipanda wengine, mpaka wakasimama wamebanana. Mwanamume mmoja, mzee kidogo, na kifurushi cha tikiti maji mkononi, akainama kwa adabu kwa Mama.

"Samahani, mama. Hapo dirishani pana mtu?"

Mama alitaka kujibu na sauti haikutoka. Alishika mkono wa kiti, akanitazama mimi, macho ya mtu aliyeshikwa. Basi zima lilikuwa limeshaanza kuangalia.

"Pana mtoto," nikasema.

Yule bwana alitazama kiti, akanitazama na mimi. Akaomba radhi, akahamishia tikiti lake mkono wa pili, akashika kamba ya juu, na alisimama hivyo mpaka Sotome.